Umeandikiwa kwenda fiziotherapia? Yajue utakayoyakuta



Siku moja baada ya swala ya Ijumaa, mzee mmoja wa Ngarenaro alinishika mkono nje ya msikiti akanivuta pembeni. Bega lake la kulia lilikuwa limeganda kwa miezi kadhaa. Wakati wa takbira mkono wa kushoto ulipanda hadi sikioni, wa kulia ukaishia usawa wa mbavu. Hospitali walimwandikia aende fiziotherapia. Alikwenda mara moja tu, hakurudi tena. Nilipomuuliza sababu akanijibu: "Mwanangu, nimekaa foleni tangu asubuhi, nikalipa, halafu binti mmoja akaniambia nitambaze vidole ukutani kama buibui. Sikupewa hata kidonge kimoja. Ukuta si ninao nyumbani?"

Jibu lake lilinichekesha, kisha likanihuzunisha. Ukuta wa nyumbani ndio hasa yule binti aliotaka mzee autumie kila siku. Mzee alikuwa ameshapewa dawa, ila hakujua kuwa ile ndiyo dawa yenyewe.

Wapo wengi kama mzee huyu. Wanaandikiwa, wanakwenda mara moja au mbili, wanaona "wamechezeshwa viungo tu", wanaacha. Baada ya miezi kiungo kinakuwa kigumu, msuli umesinyaa, na kazi ambayo ingechukua wiki chache inachukua mwaka. Ndiyo maana leo safu hii inakueleza hatua kwa hatua mambo utakayoyakuta ukienda huko, ili usishangae wala kukata tamaa.

FIZIOTHERAPIA NI NINI

Kwa maneno mepesi, ni tiba ya kurudisha uwezo wa mwili kufanya kazi zake: kusimama, kutembea, kushika, kuinama, kupumua vizuri. Wengine huiita tiba ya viungo. Anayeifanya ni mtaalamu aliyeisomea. Hapa kwetu kaskazini hatuko mbali na chimbuko la elimu hiyo, kwani wataalamu wa viungo wamekuwa wakifundishwa KCMC, Moshi, tangu miaka ya 1970. Hapo hapo KCMC kipo chuo cha TATCOT, kilichoanza mwaka 1981, kinachofundisha mafundi wa miguu bandia na vyuma vya kushikilia viungo. Huduma yenyewe huna haja ya kuifuata Moshi. Ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, ipo ALMC hapa mjini, na ipo Selian kule Ngaramtoni.

Wanaopelekwa huko ni wa aina nyingi: aliyepata kiharusi na kupooza upande mmoja; aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda na plasta imeshatolewa; mama mwenye maumivu ya mgongo na kiuno; mzee ambaye magoti yamesagika; mwenye kisukari ambaye bega limeganda; mtoto mwenye mtindio wa ubongo; mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda.

Nami nakiri kosa langu. Nilipokuwa mpya kazini, mama mmoja muuza ndizi alinijia zahanati mara tatu kwa maumivu ya kiuno. Mara zote tatu nilimwandikia dawa za kutuliza maumivu, akaenda zake. Mara ya nne nilimkuta kwa bahati sokoni akiinua mkungu kutoka chini, miguu imenyooka, mgongo umepinda kama upinde. Pale ndipo nilipoelewa kuwa vidonge vyangu vilikuwa vinazima maumivu ya jana ili apate nguvu ya kujiumiza leo. Dawa hizo zikimezwa muda mrefu zina madhara kwa tumbo na figo. Alichohitaji mama yule ni mtu wa kumfundisha namna ya kuinua mzigo na kumwimarisha misuli ya mgongo na tumbo.

KABLA HUJATOKA NYUMBANI

Chukua barua au kadi ya rufaa, picha za eksirei kama ulipiga, na dawa zote unazotumia. Usiseme tu "natumia za presha", beba paketi yenyewe. Kama una kadi ya bima, uliza dirishani mapema iwapo inagharamia huduma hiyo na kwa mara ngapi. Kama unalipa taslimu, uliza bei ya kila hudhurio ili upange bajeti, maana utarudi zaidi ya mara moja.

Kunywa chai kabla ya kwenda, hasa ukiwa na kisukari. Kufanya mazoezi na tumbo tupu baada ya kumeza au kudungwa dawa ya kisukari kunaweza kukuangusha. Oga, vaa nguo safi na pana, na viatu visivyoteleza. Ndala si viatu vya kujifunzia kutembea.

Kama mgonjwa ni wa kuhudumiwa, aende na yule atakayebaki naye nyumbani. Hili watu hulikosea sana. Mgonjwa husindikizwa na kijana mwenye gari, kumbe anayemwogesha na kumgeuza kila siku ni binti au mkwe aliyeachwa jikoni. Mafunzo yanamfikia asiyehusika.

SUALA LA SITARA

Najua dada na mama zetu wengi huacha kwenda kwa ajili ya hili, basi nilieleze wazi. Mtaalamu atahitaji kukiona na kukigusa kiungo kinachouma. Hawezi kupima goti juu ya baibui. Hata hivyo hakuna haja ya kuvua mwili mzima. Mwenye tatizo la goti avae suruali pana chini ya gauni, inayopandishwa hadi juu ya goti. Mwenye tatizo la bega avae fulana ya ndani isiyo na mikono, ajifunike kwa khanga sehemu nyingine. Beba khanga mbili zako mwenyewe: moja ya kutandika, nyingine ya kujisitiri.

Una haki ya kuomba uhudumiwe na mtaalamu wa jinsia yako, na ya kuomba pazia livutwe. Omba kwa adabu pale unapojiandikisha, usingoje mpaka umelala kitandani. Mwanamke anaweza kuingia na mumewe, mwanawe au ndugu wa kike. Kama siku hiyo mtaalamu wa jinsia yako hayupo na tiba haiwezi kungoja, wanazuoni wametuwekea kanuni kuwa dharura hukadiriwa kwa kiasi chake: hufunuliwa kile tu kinachohitajika, kwa muda unaohitajika. Kukaa nyumbani mpaka kiungo kikakauka si ucha Mungu.

SIKU YA KWANZA: MASWALI NA VIPIMO

Siku ya kwanza huenda ukaulizwa maswali mengi kuliko tiba utakayoipata. Tatizo lilianza lini? Liliingia ghafla au taratibu? Maumivu huzidi asubuhi au usiku? Unafanya kazi gani? Choo cha nyumbani ni cha kuchuchumaa au cha kukaa? Unapanda ngazi? Usione ni umbea. Mtu wa Sakina anayeishi ghorofani na mfugaji wa Oldonyosambu anayetembea kutwa nzima hawawezi kupewa mazoezi yale yale.

Kisha atakupima. Atatazama unavyotembea, unavyokaa na kuinuka. Atapima kwa kifaa mfano wa rula yenye pembe ni nyuzi ngapi goti linakunja. Atapima nguvu ya misuli kwa alama kuanzia 0 hadi 5. Alama 0 ni msuli usiojikaza kabisa, alama 3 ni wewe kuweza kuinua kiungo chenyewe bila kusaidiwa, na 5 ni nguvu kamili. Mwombe akutajie alama zako na uziandike. Mgonjwa wa kiharusi aliyetoka 1 hadi 2 huenda machoni pa watu yu vile vile, lakini kwa aliyepima ni habari njema, na habari njema humpa mtu nguvu ya kuendelea.

Halafu litakuja swali muhimu kuliko yote: "Unataka uweze kufanya nini?" Wengi hujibu "nataka nipone". Jibu hilo halimsaidii mtaalamu. Mwambie kitu mahususi. "Nataka nisujudu." "Nataka nikae tahiyatu." "Nataka nichuchumae chooni bila kushikwa." "Nataka nipande daladala mwenyewe niende Kilombero." Mtaalamu asiye Mwislamu huenda hajui kuwa rukuu na sijda zinahitaji kiuno na goti likunje kiasi gani. Usione haya, mwonyeshe kwa vitendo. Akishaona, ataweza kukupangia hatua za kufika huko, au akwambie ukweli kama hali ya kiungo chako hairuhusu kwa sasa.

TIBA YENYEWE

Baada ya hapo tiba huanza. Mtaalamu anaweza kukikunja na kukinyoosha kiungo chako kwa mikono yake. Anaweza kukuwekea joto au barafu, au mashine ya umeme mdogo inayotekenya ngozi. Usiiogope, haipigi shoti. Katika chumba cha mazoezi utakuta vyuma viwili sambamba vya kushikilia wakati wa kujifunza kutembea, ngazi fupi za mbao, mipira mikubwa, baiskeli isiyokwenda na magodoro chini. Utafundishwa kutembea kwa magongo, maana magongo nayo yana elimu yake. Uzito huwekwa mikononi, si kwapani. Anayeegemeza kwapa huweza kubana mishipa ya fahamu na mkono ukafa ganzi.

Usizitamani sana mashine ukadhani ndizo zinazoponya. Kwa magonjwa mengi mashine hutuliza tu, kazi kubwa hufanywa na mazoezi. Kwa hiyo ukienda mahali ukakuta hakuna mashine za kung'aa lakini mtaalamu anakusikiliza, anakupima na kukufundisha, hujapunjwa.

Je, inauma? Wakati mwingine ndiyo, kidogo. Kiungo kilichokaa bila kutumika hulalamika kinapoamshwa. Kuhisi kuvuta au uchovu wa misuli hadi kesho yake ni kawaida. Si kawaida maumivu makali yanayokuzuia kulala, kiungo kuvimba na kuwa cha moto, au ganzi mpya. Ukiona hivyo usikimbie kimya kimya. Rudi ukaseme, zoezi litapunguzwa au kubadilishwa. Wagonjwa wengi huacha kwa sababu ya zoezi moja tu ambalo lingeweza kubadilishwa kwa dakika mbili.

KAZI IKO NYUMBANI

Sote tuliopita madrasa tunakumbuka. Ustadhi anakusomea aya, unaifuatisha, anakusahihisha, kisha unakwenda nyumbani kudurusu. Asiyedurusu akirudi kesho anakutwa pale pale, na kosa si la ustadhi. Fiziotherapia ni hivyo hivyo. Hudhurio moja huwa nusu saa au zaidi kidogo, mara moja au mbili kwa wiki. Saa zote zilizobaki ni zako. Ndiyo maana yule mzee aliambiwa habari ya ukuta.

Kabla hujatoka chumbani, hakikisha una majibu ya mambo haya: zoezi gani, mara ngapi kwa mkupuo, mikupuo mingapi kwa siku, na lini nisitishe. Mwombe akuchoree kwenye karatasi, au kijana wako arekodi kwa simu. Kisha lifanye mbele yake, akuone.

Njia rahisi ya kutosahau ni kuyafunga mazoezi na vipindi vya swala. Dakika 10 baada ya adhuhuri, 10 baada ya alasiri, 10 baada ya isha. Tayari umepata nusu saa kila siku bila kutafuta muda wa ziada. Katika Ramadhani yasogeze baada ya futari. Wapo wanaosema, "Mimi naswali swala tano, hayo ni mazoezi tosha." Ndugu yangu, swala ni ibada. Ni kweli viungo hutembea ndani yake, lakini haikuwekwa kwa ajili ya kuimarisha paja lililosinyaa baada ya kuvunjika. Fanya vyote viwili.

Uwe na subira pia. Bega lililoganda huchukua miezi mingi, na kwa baadhi ya watu hufika mwaka na zaidi. Msuli uliosinyaa ndani ya plasta kwa wiki 6 haurudi kwa siku 6.

MGONJWA WA KIHARUSI ASINGOJE

Hapa ndipo kuchelewa kunakogharimu zaidi. Mtu akipooza upande mmoja, familia nyingi husema, "Mwacheni apumzike, akipata nguvu tutampeleka mazoezini." Kinyume chake ndicho sahihi. Madaktari wakishaona hali yake imetulia, mazoezi huanza ndani ya siku chache akiwa bado wodini. Miezi 3 ya kwanza ndiyo ambayo mwili hurejesha mengi. Baada ya hapo maendeleo hayakomi, lakini huwa ya polepole zaidi. Aliyefichwa ndani miezi 4 amepoteza wakati wake bora, na mara nyingi unamkuta kiwiko kimejikunja, vidole vimefumba, na vidonda vya kulalia mgongoni.

Nyumbani zingatieni haya. Msimvute mgonjwa kwa mkono uliopooza wakati wa kumwinua, bega lake halina misuli ya kulishikilia na huweza kuchomoka. Mshike kiunoni. Funga khanga imara kiunoni mwake uitumie kama mpini. Mgeuzeni kila baada ya saa 2 kama hawezi kujigeuza. Mketisheni wima anapokula, asije akapaliwa. Kaeni na kuongea naye upande ule ulio dhaifu, ili ubongo wake usiusahau. Mwacheni afanye mwenyewe kile anachokiweza, hata kama kufunga kifungo kimoja kutachukua dakika tano. Huruma ya kumfanyia kila kitu humchelewesha.

Kuna wanaoamini kuwa aliyepooza "amepigwa na upepo" au jini, wakazunguka naye kwa wiki nyingi kabla ya kufika hospitali. Kumsomea Qur'ani mgonjwa ni jambo jema, na hakuna daktari mwenye busara atakayekuzuia. Lakini kisomo hakigombani na mazoezi. Msomee akiwa wodini, msomee akiwa anakunja na kukunjua mkono.

KUKANDA, KUCHUA NA KUUNGA MIFUPA

Wako wanaokimbilia kwanza kukandwa kwa maji ya moto au kuchuliwa. Mtu mwenye misuli iliyochoka hapati madhara. Hatari iko kwa wawili hawa. Wa kwanza ni mwenye kisukari au kiharusi ambaye ngozi yake haisikii vizuri. Maji yanamuunguza na yeye hana habari, na kidonda cha kisukari mguuni kimeshawapotezea watu miguu. Maji yapimwe na mkono wa mtu mzima mwenye hisia kamili. Wa pili ni mtoto aliyeumia kiwiko. Kuchua kiwiko kilichovunjika au kuteguka huweza kusababisha mfupa mpya kuota ndani ya msuli, kiwiko kisikunjike tena.

Ama wanaofunga mifupa kwa vijiti na kamba, ogopa kubana. Ikiwa vidole vimevimba, vimebadilika rangi, vimekuwa baridi au vina ganzi, legeza mara moja na ukimbie hospitali. Plasta ya hospitali nayo ina sheria hiyo hiyo. Usingoje siku ya kliniki.

WATOTO WA UKANDA WA MERU

Wakazi wa Maji ya Chai, Ngurdoto na maeneo mengine ya miteremko ya Mlima Meru wanayajua meno ya kahawia. Chanzo ni madini ya floraidi yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linaelekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Baadhi ya vyanzo vya ukanda huu vimepimwa vikakutwa na kiasi kinachozidi hapo mara kadhaa. Madini hayo yakizidi kwa miaka huharibu mifupa. Watoto hupinda miguu, na watu wazima hukakamaa mgongo na viungo.

Mzazi, elewa mambo mawili. Kwanza, kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, madini hubaki pale pale. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi ni bora kwa kunywa na kupikia chakula cha watoto, na kichujio cha mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliofanyiwa kazi na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hupunguza floraidi. Punguza pia magadi kwenye maharage na makande, kwani huwa na floraidi nyingi. Pili, mfupa uliokwisha kupinda haunyooshwi kwa kuchua wala kwa mazoezi peke yake. Mtoto anahitaji kuonwa na daktari wa mifupa, na mara nyingi upasuaji na plasta, kisha fiziotherapia ya kumfundisha kutembea upya. Mkoani kwetu kituo cha Plaster House huwapokea watoto wa namna hii kabla na baada ya upasuaji mpaka wapone. Usimfiche mtoto.

Mtoto aliyezaliwa na nyayo zimepindia ndani naye apelekwe katika wiki zake za kwanza. Kwa njia inayotumika duniani kote iliyoanzishwa na daktari Ignacio Ponseti, mguu hunyooshwa taratibu na kuwekwa plasta inayobadilishwa kila wiki, mara nyingi plasta 5 hadi 7. Kisha huvaa viatu vyenye chuma katikati, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu wakati wa kulala tu mpaka afike miaka 4 au 5. Wazazi wanaoacha viatu hivyo mapema huona nyayo zikirudi kupinda.

UDHU NA SWALA WAKATI WA MATIBABU

Mwenye plasta asiimwagie maji. Plasta iliyolowa hulainika ikaacha kushikilia mfupa, na ngozi iliyo ndani huoza na kutoa harufu. Sheria imetupa wepesi: osha viungo vilivyo wazi, na juu ya plasta pangusa kwa mkono wenye unyevu. Madhehebu yana ufafanuzi kuhusu kuongeza tayamamu, basi muulize sheikh wako wa karibu. Wakati wa kuoga funika plasta kwa mfuko wa plastiki na uufunge vizuri.

Ama swala, tumesoma kisa cha swahaba Imraan bin Huswain (r.a.) aliyekuwa na maradhi ya bawasiri. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Kwa hiyo kiti msikitini si aibu. Anayeweza kusimama lakini hawezi kusujudu asimame kwenye kisimamo, kisha akae kwenye kiti na ainamishe kichwa, sijda ikiwa chini zaidi kuliko rukuu. Aliyebadilishwa nyonga mara nyingi huzuiwa kuinama sana kwa wiki kadhaa. Akilazimisha sijda, nyonga inaweza kuchomoka. Huyo huyo asichuchumae chooni. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu la choo kinamtosha, na kioshwe kwa sabuni kila siku.

MAMBO YASIYONGOJA KLINIKI

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ikiwa maumivu ya mgongo yameandamana na kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, ganzi sehemu za siri, au miguu yote miwili kulegea. Usichelewe pia ikiwa maumivu ya mgongo yana homa, jasho la usiku na kukonda, maana kifua kikuu huweza kuingia mifupa ya uti wa mgongo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla kwenye kigimbi baada ya upasuaji au kulala muda mrefu, usiuchue. Huenda ni damu iliyoganda. Na mdomo ukienda upande pamoja na mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, ni kiharusi. Hesabu dakika, si siku.

Ndugu msomaji, yule mzee alirudi fiziotherapia. Binti yule yule alimpokea, akampima tena, akamwekea alama ya kalamu ukutani na kumwambia aende akaweke nyingine kama hiyo kwenye ukuta wa nyumbani kwake. Mkewe anasema ukuta wa sebule sasa una mistari kama ya mtoto wa chekechea, kila wiki mmoja juu kidogo ya mwenzake. Ijumaa iliyopita nilisimama naye safu moja. Katika takbira mkono wa kulia ulifika usawa wa bega. Sikioni bado, insha Allah.

Wabillahi tawfiiq.